Dirisha Lililoteleza Matutani

Nilipokwenda Ufipa kuanza kazi nilikuwa na vitu vitatu vya kujivunia: cheti cha chuo cha kilimo, mabuti ya mvua ambayo hayajawahi kukanyaga tope, na kipimo cha mavuno. Kipimo chenyewe kilikuwa vijiti vinne vya mbao vilivyopigwa misumari kwenye pembe, kila upande nusu mita. Unageuza mgongo, unakirusha shambani bila kuangalia, unavuna kilichomo ndani ya mbao, unapima uzito, unapiga hesabu, na hapo unajua ekari nzima itatoa magunia mangapi. Wanakijiji walipokiona mara ya kwanza walisema bibi shamba kaja na dirisha, ila nyumba kaisahau Mbeya. Toka siku hiyo likaitwa dirisha, na mimi nikazoea.

Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Watu walikuwa wameshahamishwa kutoka kwenye mahame yao yaliyotawanyika na kupangwa kwa mistari kando ya barabara, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga mjini. Mimi ni mtoto wa Mbeya, upande wa migombani, na Ufipa ilinishangaza kwa upepo na kwa uwazi wake. Nyasi tu, mpaka macho yachoke. Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa ikiniingia mpaka kwenye meno, nikawa navaa masweta mawili na kulalamika kwa kila niliyekutana naye. Nakiri nilikuwa mtu wa kulalamika, na sijapona sana.

Nilipewa chumba kwa mama mmoja mjane, mtu wa makamo, mrefu, mkimya, anayeweza kusali rozari huku akipepeta ulezi na asikosee popote. Binti zake wawili walikuwa wameolewa bondeni, mmoja Ilemba na mwingine Mtowisa, na mara mojamoja walimletea mchele na samaki wakavu, naye akawarudishia maharage na ulezi. Nilimwita mama tangu shikamoo ya kwanza. Yeye aliniita bibi shamba mbele za watu, na mwanangu tukiwa jikoni.

Ukutani, karibu na kitanda changu, nilibandika karatasi niliyoithamini kuliko hata cheti. Lilikuwa jedwali la wastani wa mavuno ya nafaka duniani, nchi kwa nchi, nililolinakili chuoni kwa mkono wangu mwenyewe. Nchi zilipangwa kutoka ya juu mpaka ya chini, na yetu ilikuwa chini kiasi kwamba kuisoma ilibidi uiname. Kila asubuhi nikiamka nilikuwa naiinamia na kujiambia kwamba nimeletwa hapa kuipandisha walau mistari miwili. Umri wangu ulikuwa miaka ishirini na mitatu, naomba nisamehewe.

Mama alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima na ndiyo kwanza ameanza kuzifahamu namba, kwa hiyo kila alipoona karatasi yenye namba alitaka kujua inasema nini. Jioni moja alikuja na mwiko mkononi, akasimama mbele ya jedwali langu, akauliza wastani ndiyo nini. Nilimfuata jikoni nikamweleza vizuri, kwa sauti ileile ya mwalimu wangu wa chuo: unakusanya mavuno ya watu wote, wa kwanza na wa mwisho, halafu unayagawa kana kwamba kila mmoja amepata sawasawa na mwenzake. Akafikiri huku anageuza ugali.

"Kwa hiyo huyo mtu wa wastani hayupo," akasema.

Nikamjibu kwamba hayupo, ni mtu wa kwenye hesabu tu.

"Na ndiye mnayempimia na mimi."

Nikanawa mikono. Lakini yeye alikuwa amenogewa. Akaanza kuniuliza habari za hao wa juu kabisa: mvua yao huanza lini, wana ng'ombe wa kulimia, mbegu wanachagua wenyewe au wanaletewa, nani anawapalilia, udongo wao umelimwa kwa miaka mingapi. Nikamwambia nilichofundishwa. Wengine wana mashine zinazovuna kwa siku moja kilima ambacho sisi tungekivuna kwa mwezi. Wengine hawasubiri mawingu, wanavuta maji mtoni. Mbolea inawakuta mlangoni kabla hawajaihitaji. Na kwingine, nikasema, kwa miezi kadhaa ardhi inafunikwa na barafu na hakuna anayeigusa. Hilo la barafu ndilo lililomkaa moyoni. Akasema basi ndiyo maana, ardhi yao inalala. Wiki nzima aliwasimulia majirani habari za ardhi inayolala chini ya barafu, na mimi nikapata heshima kidogo kwa ajili hiyo.

Heshima hiyo niliipoteza mwezi wa tano, wakati wa maharage.

Wafipa wana namna yao ya kulima ambayo chuoni hatukufundishwa. Mvua zikiwa katikati na nyasi zimekuwa ndefu, wanapindua udongo na nyasi zake, wanazifukia ndani, na kutengeneza matuta ya mviringo yanayofika magotini. Wenyewe huyaita ntumba. Juu yake wanapanda maharage. Ukitazama mteremko wenye ntumba kwa mbali utadhani mtu ameanika masufuria kifudifudi, mamia kwa mamia. Mimi niliyetoka chuoni na kamba ya kunyoosha mistari niliona fujo tupu.

Shamba la mama lilikuwa kwenye mahame yake ya zamani, nusu saa kutoka kijijini, mteremko mzima wa ntumba alizozitengeneza kwa jembe la mkono akisaidiwa na mawifi zake. Serikali ya kijiji ilikuwa imeshaanza kuutolea macho mteremko ule, kwa sababu shamba la kijiji la mahindi lilikuwa limechoka na lilikuwa linatutia aibu kila mwaka. Mwenyekiti alikuwa anasubiri vipimo vyangu tu. Hilo nililijua, ila sikulitilia maanani. Nilidhani namba ni namba.

Nikasimama katikati ya shamba, nikageuza mgongo, nikarusha dirisha. Likaanguka kwenye mfereji kati ya tuta na tuta, mahali ambapo mtu anaweka mguu wakati wa kupalilia. Ndani yake kulikuwa na udongo mtupu na sisimizi wachache. Nikachuchumaa nikaandika.

"Dirisha lako limeanguka njiani, mwanangu," mama akasema. "Mimi sipandi njiani."

Nikamweleza kwa upole wa kuudhi kwamba kulisogeza ni udanganyifu, sheria ya kipimo ni kulichukua palepale lilipoangukia, ndiyo maana mtu anageuza mgongo. Nikarusha mara ya pili na ya tatu kama kanuni inavyotaka. Mara zote mbili likaishia mferejini, mojawapo likiwa limedandia shina moja la maharage lililoinama kwa bahati mbaya. Nikajumlisha, nikagawa kwa tatu, nikapata namba ndogo ya kusikitisha. Nikamwonea huruma mama wa watu kwa kuhangaika kote kule bure.

Kwenye mkutano wa kijiji niliisoma taarifa mimi mwenyewe, na niliisoma vizuri. Mwenyekiti, mwanamume mnene anayependa mambo yaliyonyooka, akatikisa kichwa kwa kila mstari. Nilipomaliza akasema wamesikia wenyewe, ardhi nzuri inapotea kwenye vichuguu. Ikaamuliwa kwamba maharage yakishavunwa, ntumba zile zisawazishwe, na mvua za kwanza zikianguka ng'ombe wa kijiji waingie kulima mahindi ya wote. Mama angepewa kipande kingine, karibu na mfereji wa barabara. Alikuwa amekaa na akina mama wenzake, mikono kwenye mapaja.

Jioni alinipakulia chakula kama siku zote, na maharage yake yalikuwa matamu kama siku zote. Angenifokea ningejitetea, maana kujitetea nilikuwa najua. Kile kimya chake ndicho kilichonikosesha usingizi.

Asubuhi alinipa jembe akaniambia tuongozane. Tukaenda hadi kwenye mteremko, akachagua tuta moja ambalo maharage yake yalikuwa yameshakauka, akayang'oa, akaniambia nilipasue. Nilipiga jembe mara mbili tu likafunguka. Ndani udongo ulikuwa mweusi, laini, una joto, nyasi zimeoza hata huzitambui, na minyoo minene ilijikunjakunja kwa kuchukia kuamshwa. Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mboji, nimefanya hata mtihani wake. Sikuwahi kuiona nyingi namna ile mahali pamoja.

Ndipo akanieleza, polepole, kama anayemweleza mgeni. Maharage ni mavuno ya mwaka wa kwanza tu, ya kushikilia njaa. Mvua zikirudi, ntumba zinavunjwa na kusambazwa, shamba linakuwa tambarare, na ulezi unamwagwa juu ya uozo ule wote. Huko kwenye ulezi ndiko mavuno yaliko. Ardhi yake haikuwa na barafu, akasema, lakini na yeye alikuwa amepata namna ya kuilaza. Wakiichukua sasa, kijiji kitavuna mahindi mazuri mwaka mmoja, watasifu ng'ombe na jembe la kukokotwa, na yeye atabaki na kipande cha kando ya barabara kisicho na kitu ndani yake, aanze upya kufukia nyasi kwa mgongo unaomuuma.

"Umepima nusu ya kazi yangu," akasema. "Na hiyo nusu yenyewe umeipima njiani."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilikaa siku mbili nikizunguka kijiji kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilikuwa bado kwenye muda wa majaribio kazini, na kusimama mbele ya mkutano kusema nimekosea kulikuwa kama kujiandikia mwenyewe barua ya kufukuzwa. Zaidi ya hayo nilikuwa na kiburi, tuseme ukweli. Siku ya tatu nikapiga moyo konde, nikamwendea mwenyekiti, nikamwomba aitishe watu, na aitishe mkutano huo shambani.

Alikuja, ila kwa shingo upande. Niliwaambia watu kwamba kipimo changu kilikosea. Mwenyekiti akanikatiza akasema kipimo ni mali ya serikali, kinawezaje kukosea. Nikampa dirisha. Akageuza mgongo, akakohoa, akarusha kwa kishindo. Sote tuliona. Lilitua juu kabisa ya tuta, katikati ya maharage, likatulia kidogo, kisha kwa sababu tuta ni la mviringo na ubavu wake umeinama, likateleza taratibu mpaka mferejini. Mimi ndiyo kwanza nalielewa. Siku ile ya kwanza nilikuwa nimegeuza mgongo, sikuona linavyoteleza. Nilikuwa nimepima kwa uaminifu kabisa mahali ambapo hakuna mtu aliyepanda.

Mwenyekiti hakukubali. Akarusha tena, likateleza tena. Katibu akaomba zamu yake. Katekista akarusha kwa kunong'ona sala fupi, nalo likateleza vilevile. Akina mama wakapanga mstari. Babu mmoja alirusha kwa nguvu za ujana wake wote, likavuka mpaka na kuangukia shamba la jirani, tukalitafuta huku tumeshika mbavu. Nadhani hakuna mkutano wa kijiji uliohudhuriwa kwa moyo mmoja kama ule. Mwisho mwenyekiti alisimama akijipangusa jasho, akaliangalia dirisha lililolala chini.

"Bibi shamba," akasema, "hili dirisha lako linaogopa mlima."

Baada ya kicheko kutulia nikaeleza habari ya mwaka wa pili, na nikamwomba mama afungue tuta jingine watu waone. Wengi pale walizaliwa kwenye kilimo hicho na waliyajua yote haya kabla yangu. Walikuwa wanangoja tu aliyeandika aseme mwenyewe kwamba kaandika vibaya. Mwenyekiti akatoa uamuzi wa mtu asiyependa kushindwa moja kwa moja: mama abaki na mteremko msimu mmoja. Ulezi ukiwa mdogo, ng'ombe wanaingia.

Kwa hiyo mvua ziliporudi nilikuwa na mashamba mawili ya kuyahofia. La kwanza ni hilo la mama. Tulivunja ntumba pamoja na mawifi zake, nami nikatoka na malengelenge viganja vyote viwili na masihara ya kunitosha mwaka mzima. Akina mama walisema mikono ya Mbeya imezoea ndizi, ambazo hujishusha zenyewe.

La pili lilikuwa langu, shamba la mfano nyuma ya ofisi ya kijiji, ambalo kila bibi shamba alitakiwa kuwa nalo ili wakulima waige. Nilipanda mahindi ya mbegu bora, mistari imenyooka, nafasi nimepima kwa kamba, hakuna shina lililokwenda kombo. Kilichokosekana ni mbolea. Lori lilikuwa linaitoa Mbeya, na kwa mvua zile lilikwama njiani, likakwamuliwa, likakwama tena. Mahindi yangu yakageuka manjano mbele ya macho ya kijiji kizima. Mifuko ilipofika, mahindi yalikuwa yameshatoa mbelewele, yako wima kwa mistari iliyonyooka, membamba kama fito. Nilikasirika nikaupiga mfuko teke, na kwa kuwa siku hiyo nilivaa ndala, nikachechemea mpaka Jumapili. Watu walinipa pole misani, na katekista akauliza kama mfuko nao umeumia.

Ulezi wa mama ulipoiva, mwenyekiti alikuja mwenyewe kushuhudia. Shamba sasa lilikuwa tambarare, dirisha halikuwa na pa kutelezea. Niligeuza mgongo nikarusha, nikasikia limetua, nikaogopa kugeuka. Mama alikuwa amesimama kando, kitambaa cha kichwa kimemlegea. Tukavuna ndani ya mbao, tukapiga, tukapepeta, nikapima. Tukafanya hivyo sehemu sita, maana sikutaka tena kuamini mara tatu. Nikapiga hesabu mara mbili kwenye goti langu, kisha nikampa mwenyekiti daftari asome mwenyewe. Ilikuwa namba kubwa kuliko ya nchi yetu kwenye karatasi yangu ya ukutani, kubwa kwa mbali, bila hata kijiko cha mbolea ya lori.

Mwenyekiti alisoma, akaangalia ulezi, akasoma tena. Namsifu kwa hili: hakutafuta sababu. Akasema ng'ombe watatafutiwa mahali pengine, na akamwuliza mama, kwa adabu, kama anaweza kuwaonyesha vijana wa kijiji ni lini hasa nyasi zinafaa kufukiwa kwenye shamba la wote. Mama akafungua kitambaa chake, akakifunga upya vizuri, akasema wakija mapema atawaonyesha. Nilitamani kupiga vigelegele, na nikavipiga, vibaya, nikachekwa.

Wiki iliyofuata nikaletewa fomu ya wilaya. Ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha kujaza: wastani wa mavuno ya mashamba yaliyopimwa kijijini. Mwaka ule nilikuwa nimepima mawili, la mama na lile langu la mfano. Nilikaa nayo jikoni, kalamu mdomoni, mpaka mama akaniuliza kulikoni. Nikamwambia ukweli. La kwake lingenipandisha hadhi mbele ya wakubwa, na la kwangu lingenizika. Kanuni inataka yote mawili, na mimi nilikuwa nafikiria kulisahau la kwangu. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa naona vibaya kuiharibu namba yake. Alikuwa ameihangaikia miaka miwili, karibu anyang'anywe kwa ajili yangu, na sasa ingemezwa na mahindi yangu ya manjano, hakuna mtu wilayani atakayejua kwamba iliwahi kuwapo.

Mama aligeuza ugali mara ya mwisho, akaipua sufuria, akaja kukaa kwenye kigoda mkabala nami. Akaangalia kile kisanduku. Namba alikuwa anazijua vizuri siku hizo.

"Changanya yangu na yako," akasema, "halafu gawa kama ulivyonifundisha. Huko mjini wasijue nani kati yetu ndiye mjinga."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na si yote yalikuwa ya kucheka. Kisha nikajumlisha, nikagawa kwa mbili, nikaandika. Ilikuwa namba ya kawaida tu, isiyopendeza wala kuaibisha, nami nikaipeleka mjini na kazini nikathibitishwa.

Nimestaafu zamani sasa, naishi Katandala, hapo Sumbawanga mjini, na karatasi ile ilishaliwa na mchwa. Lakini bado nikisikia redioni kwamba wastani wa mavuno wa nchi fulani umekuwa kadhaa kwa hekta, yule mtu wa kwenye hesabu asiyekuwapo hanijii akilini. Nawaona wanawake wawili jikoni Ufipa, mmoja anapakua ugali, na mwingine amebebwa na ulezi wa mwenzake.